Immich katika studio ya picha Mombasa: ya kutazamia ndiyo, ya kuchambulia siyo

Studio ya harusi yenye kamera mbili haikawii kufikisha picha laki moja. Siku ya hina, nikahi, kupamba, harusi ya kanisani Jumamosi, kisha jioni yake picha za magauni bustani ya Mama Ngina na Ngome ya Yesu; kila tukio lina mamia au maelfu. Diski za kuziweka zinapatikana. Kigumu ni kuzipitia kwa macho bila kupotea, na hapo folda zenye majina ya wateja huishiwa nguvu. Mteja anarudi baada ya miaka miwili akitaka ile picha ya nyanya yake amekaa na mkufu wa dhahabu, na folda haimjui nyanya wala mkufu.

Immich ni programu huria ya kuhifadhi na kutazama picha. Inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, si kwenye seva za kampuni ya ng'ambo, na inafunguliwa kwa kivinjari au kwa programu ya simu. Toleo la 2.0, la kwanza kutangazwa kuwa thabiti, lilitoka Oktoba 2025. Kabla ya hapo kila sasisho lilikuwa la kusoma maelezo mara mbili, maana mipangilio ilivunjika mara kwa mara. Hukumu tuitoe mapema: kwa kutazama, kutafuta na kumwonyesha mteja, hatujui cha bure kinachoishinda. Kwa kuchambua picha asubuhi baada ya harusi, yaani kuchagua za kubaki na za kutupa, usijisumbue nayo.

Mwaka 2003 Kerry Rodden na Kenneth Wood walichapisha utafiti kuhusu watu wanavyotunza picha zao za kidijitali. Vitu viwili vilivyowafaa watumiaji kuliko vyote havikuwa vya ajabu: picha kujipanga zenyewe kwa tarehe, na vijipicha vingi (nakala ndogo za picha) kuonekana kwa pamoja. Akili bandia imeingia tangu wakati huo, lakini programu yoyote ya aina hii bado inafaa kupimwa kwa hayo mawili kwanza.

Mstari wa tarehe

Kwa tarehe Immich inafaulu vizuri. Picha zote ziko kwenye ukurasa mmoja mrefu, mpya juu, za zamani chini. Ukingoni kulia kuna mstari wa miaka. Ukiushika na kuuvuta, mwezi unaoupita unajiandika pembeni. Mstari huo haugawi miezi sawasawa. Mwezi hupewa urefu kulingana na wingi wa picha zake, na kwa biashara ya harusi za Pwani huo ni uamuzi wa busara sana. Shaaban watu wanakimbizana kuoa kabla ya mfungo, Ramadhani kumbi tupu, Idd ikipita ni foleni. Februari 2025, iliyobeba karibu Shaaban yote, inapata nafasi ya kutosha kuivuta kwa kipanya. Machi, iliyokuwa ya mfungo, inabaki kijistari. Programu inayogawa miezi sawasawa inakubana penye kazi na kukupa uwanja mpana pasipo na kitu.

Mpaka wake nao uujue. Skrini ya kawaida ina urefu wa pikseli 1080. Ukitoa sehemu za kivinjari, mstari unabakiwa na kama 900. Gawa picha laki moja kwa 900 na kila pikseli inabeba picha 111. Kwa hiyo mstari unakufikisha mtaani, haukufikishi mlangoni. Ukishafika mwezini, kilichobaki ni kuskroli au kutumia kichujio cha tarehe.

Ndani yake mambo yamepangwa kwa akili. Seva haitumi orodha yote. Inatuma kwanza hesabu ya picha za kila mwezi, kivinjari kinakadiria urefu wa ukurasa mzima kwa hesabu hizo, kisha orodha ya mwezi inaletwa pale tu unapoukaribia. Vijipicha vilivyotoka nje ya skrini havichorwi tena. Ndiyo maana ukurasa wa picha laki moja haulemei laptop yenye RAM ya GB 8. Gharama yake ni kwamba mwezi mmoja ni kifurushi kimoja: mwezi wa picha 15,000 unaletewa orodha yake kwa mkupuo, na utaona kusitasita ambako hakupo kwenye mwezi wa picha 800.

Kijipicha kabla hakijafika, nafasi yake inajazwa ukungu wa rangi. Ukungu huo unatokana na mbinu iitwayo ThumbHash, ambayo inahifadhi sura ya picha kwa baiti chache tu pamoja na taarifa zake. Mtu anaweza kudhani ni pambo. Sivyo. Jicho linatofautisha ukumbi wa taa za dhahabu na bustani ya kijani kwa rangi tu, hivyo unaweza kuruka tukio zima kabla picha hazijawa wazi. Kiolesura kinachoweka miraba ya kijivu wakati wa kusubiri kinakunyima uwezo huo.

Vijipicha vingapi kwa mara moja

Kipimo cha pili ndicho kinachoiangusha. Kwenye kivinjari cha kompyuta Immich inapanga picha kwa safu za urefu unaokaribiana, kila picha ikibaki na umbo lake. Chukua safu ya pikseli 235: picha ya mlalo ya uwiano wa 3:2 inapata upana wa 352, tano zinajaza upana wa 1920, na safu zinazoenea kwenda chini ni nne. Jumla picha 20. Picha laki moja ni skrini 5,000. digiKam, programu nyingine huria, ina kitelezi cha ukubwa wa vijipicha chini ya dirisha. Ukikishusha hadi pikseli 128 unaona zaidi ya mara mbili ya hizo. Immich 2.0 kwenye wavuti haina kitelezi kama hicho, na kwa programu ya kutazama picha nyingi hilo ni pengo la ajabu.

Dawa ya muda ni kivinjari chenyewe. Bonyeza Ctrl na alama ya kutoa hadi ukubwa ufike asilimia 67: picha kwenye skrini zinakuwa kama 45 na maandishi bado yanasomeka. Asilimia 50 inakupa kama 80, lakini vitufe vinakuwa vidogo kiasi cha kukosewa. Kivinjari kinakumbuka kiwango hicho kwa anwani hiyo, kwa hiyo ni kazi ya mara moja.

Tatizo la pili la safu hizi halionekani haraka. Picha ya wima ya 2:3 kwenye safu ya pikseli 235 inapata upana wa 157 tu, yaani chini ya nusu ya eneo la picha ya mlalo. Na picha za wima ndizo za bibi harusi mwenyewe: gauni refu, shela, ngazi za ukumbi. Picha ya meza ya biriani inachukua nafasi mara mbili ya picha ya mwenye sherehe. Njia nyingine, ya kukata kila kijipicha kuwa mraba kama ifanyavyo Google Photos kwenye simu, ina kosa baya zaidi, kwani inakata vichwa kwenye picha za wima na watu wa pembeni kwenye picha za ukoo. Kati ya mabaya mawili Immich imechagua jepesi, ila mtazamaji azoee kupunguza mwendo penye safu za vipande vyembamba.

Kasi inatoka kwenye mtambo wako

Kanuni iliyoenezwa na Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, mwaka 1993 ni kwamba jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu anahisi amekisogeza kitu kwa mkono wake. Likifika sekunde 1 anajua anasubiri. Immich inaweza kukaa karibu na 0.1, lakini si kwa kila mpangilio, na malalamiko mengi ya "programu nzito" ni ya diski.

Programu inatengeneza nakala mbili za kila picha: kijipicha cha pikseli 250 na picha ya kati ya pikseli 1440. Bila hizo, skrini ya picha 40 zenye MB 8 kila moja ingedai MB 320, ambazo hata waya wa gigabiti moja ungezileta kwa sekunde tatu hivi. Kwa vijipicha, skrini nzima haifiki hata MB moja au mbili. Hapo kasi ya waya haina tena neno. Kinachobaki ni muda wa diski kufikia faili. Diski ya kuzunguka inatumia kama milisekunde 10 kwa kila faili, kwa hiyo vijipicha 40 ni sekunde 0.4. SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka, inafanya hivyo kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Picha zenyewe ziache kwenye diski kubwa ya kuzunguka, hakuna ubaya. Hifadhidata na vijipicha viende kwenye SSD.

Mahitaji rasmi ni RAM ya GB 6 kwa uchache na 8 kwa kupendekezwa, prosesa ya koa 2 au bora 4. Kompyuta ndogo ya ofisi ya ex-UK yenye koa nne inatosha, ila weka RAM ya GB 16, sababu inakuja kwenye sehemu ya kutafuta. Kwa nafasi, nyaraka za Immich zinasema vijipicha na video zilizobadilishwa huongeza asilimia 10 hadi 20 juu ya ukubwa wa mkusanyiko. Picha laki moja za MB 8 ni GB 800. Tenga GB 160 za vijipicha na GB 3 za hifadhidata, yaani SSD ya GB 500 ina nafasi ya kupumua.

Usakinishaji unapitia Docker, mfumo wa kuendesha programu ikiwa kwenye kifurushi chake, ikiwezekana juu ya Linux. Shusha faili mbili, docker-compose.yml na .env, ziweke kwenye folda moja. Ndani ya .env jaza UPLOAD_LOCATION (folda ya picha zinazopakiwa), DB_DATA_LOCATION (folda ya hifadhidata; iwe kwenye SSD iliyo ndani ya mashine, kamwe isiwe kwenye diski ya mtandao wala yenye mfumo wa NTFS), na uondoe alama ya reli (#) mbele ya TZ, yaani majira ya saa, uandike Africa/Nairobi. Ili vijipicha viende kwenye SSD huku picha zikibaki kwingine, ongeza kwenye docker-compose.yml mstari wa volume unaoelekeza folda yako ya SSD kwenye /data/thumbs. Kisha docker compose up -d, na ufungue anwani ya mashine hiyo ukiongeza :2283. Mtu wa kwanza kujiandikisha ndiye msimamizi.

Kwa studio za Mji wa Kale kuna jambo la ziada: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene na Wi-Fi haizipendi. Vuta waya wa Cat 6 kutoka kwenye mashine hadi meza ya kuonyeshea wateja. Kuskroli kunakokatika vyumba viwili kutoka kwenye ruta hakutatibiwa na SSD.

Kuingiza picha bila kuzivuruga

Kuna njia mbili. Ukipakia kupitia kivinjari au simu, Immich inachukua nakala na kuipanga kwa namna yake. Bila kuwasha kiolezo cha hifadhi (Storage Template), majina ya faili kwenye diski yanageuka mfululizo wa herufi na tarakimu. Kwa studio yenye folda zake tayari, chagua njia ya pili, maktaba ya nje. Folda ya picha unaiunganisha kwa docker-compose.yml ukimalizia na :ro ili programu isome tu, kisha unaunda maktaba kwenye sehemu ya msimamizi na kuiskani. Baadaye inajiskani yenyewe kila usiku wa manane. Weka vizuizi vya njia, kwa mfano **/RAW/**, la sivyo faili ghafi na JPEG ya picha ileile zitaonekana pacha ukurasa mzima. Kwa kuwa ni ya kusoma tu, nyota na maelezo utakayoandika ndani ya Immich hayatafika kwenye faili. Yatabaki kwenye hifadhidata. Mwelekeo wa kinyume unafanya kazi: nyota zilizoandikwa na digiKam au Lightroom kwenye faili za XMP (faili ndogo za maelezo zinazokaa kando ya picha) zinasomwa.

Mwonekano wa folda umefichwa. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya vipengele, uwashe Folders, na hapohapo uwashe nyota na tagi. Studio nyingi zitauhitaji mwonekano huo, maana fundi wa albamu anakumbuka jina la ukoo kabla ya kukumbuka tarehe.

Kabla ya kuskani, sawazisha saa za kamera. Hili ndilo linaloharibu mstari wa tarehe kuliko lolote. Kamera mbili zikitofautiana dakika 7, picha za kuvishana pete zinachanganyika na za kuingia ukumbini, na mtu atalaumu programu. Tafuta tukio moja lililopigwa na kamera zote, kwa mfano kukata keki, linganisha dakika, kisha kwenye folda ya kamera iliyo nyuma endesha exiftool, programu ya kuhariri taarifa za picha:

exiftool "-AllDates+=0:7" *.JPG

Ikiwa mbele, badili + kuwa -. exiftool inaacha nakala ya awali yenye mwisho wa _original, zifute ukishahakikisha. Picha zilizopitia WhatsApp ni kesi nyingine: zimevuliwa tarehe ya kupigwa, kwa hiyo zitatua kwenye tarehe ya faili. Ziwekee albamu yake zisichafue mwezi.

Kutafuta kwa Kiswahili

Immich inageuza kila picha kuwa orodha ya namba, na maneno unayoandika nayo yanageuzwa vivyo hivyo, kisha picha zilizo karibu zaidi na maneno zinaletwa. Hakuna aliyezipa tagi. Uzuri wake unategemea modeli ya akili bandia inayotumika, na modeli inayokuja nayo, ViT-B-32__openai, imefunzwa kwa Kiingereza. Ukiandika "bibi harusi ameshika maua" matokeo ni ya kubahatisha. Wengi huishia hapo na kusema utafutaji haufai.

Ibadilishe. Kwenye mipangilio ya msimamizi, sehemu ya Machine Learning, kisha Smart Search, futa jina la modeli uandike nllb-clip-base-siglip__v1. Hifadhi, nenda kwenye ukurasa wa kazi za seva, na kwenye Smart Search chagua ianze upya kwa picha zote, si zile zilizokosekana tu, kwa sababu namba za modeli mbili hazilinganishwi. Sehemu ya lugha ya modeli hii inatokana na NLLB, modeli ya tafsiri ya Meta, inayobeba lugha 200, Kiswahili kikiwamo. Inasoma pia lugha iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya akaunti, kwa hiyo lugha hiyo na lugha unayoandikia zisipigane. Ni nzito kuliko ya awali na hapa ndipo zile GB 16 za RAM zinapolipa. Kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro, iache ifanye kazi usiku.

Andika sentensi, usiandike neno moja. "Mwanamke amekaa kwenye kiti cha dhahabu" inafaa kuliko "kupamba". Vitu vyetu kama piko, halua au kofia ya vito vielezee kwa rangi na umbo: "mkono wenye michoro myeusi" utakufikisha mbali kuliko jina. Kisha changanya na vichujio vya mtu, tarehe na aina ya kamera kwenye dirisha lilelile la kutafuta.

Kiolesura cha matokeo kina kasoro mbili za usanifu. Utafutaji huu hausemi kamwe "hakuna": unapanga picha zote kwa ukaribu na kuendelea kuzileta kadiri unavyoskroli, bila mstari wa kuonyesha wapi zinazohusika zimeishia. Mfundishe anayetumia asimame matokeo yanapoanza kuchuja. Kasoro ya pili ni vichujio visivyo na hesabu. Mfumo wa Flamenco wa Ka-Ping Yee, Marti Hearst na wenzao ulionyesha mwaka 2003, kwa picha za sanaa zipatazo 35,000, thamani ya kuandika mbele ya kila kichujio idadi ya picha kilicho nazo, ili mtu asibofye na kuangukia ukurasa mtupu. Immich inakuacha ubofye ndipo ujue.

Nyuso, na picha za kupamba

Utambuzi wa nyuso ni mzuri kwa wakwe na wajomba. Mtu anatokea kwenye ukurasa wa watu akishapatikana kwenye picha tatu, kiwango kinachorekebishika. Kwa harusi panua hadi 5 au zaidi, la sivyo ukurasa utajaa wahudumu na madereva. Bibi harusi mara nyingi hugawanyika mara mbili, kabla ya vipodozi na baada yake. Waunganishe kwa mkono. Waliovaa ninja hawatapatikana, na hakuna mpangilio wa kutibu hilo.

Jambo zito ni jingine. Picha za kupamba ni za wanawake kwa wanawake, zinapigwa na wapiga picha wa kike, na familia inaamini hazitaonekana na wanaume. Ukurasa mmoja mrefu wenye kila kitu, ukiskroliwa dukani mbele ya mteja mwingine, ni kuvunja amana hiyo kwa sekunde moja. Usitegemee albamu, kwa kuwa albamu haiondoi picha kwenye mstari mkuu. Fungua akaunti tofauti inayoshikwa na mfanyakazi wa kike, na maktaba ya nje ya folda za kupamba iundwe kwa jina la akaunti hiyo. Mwenye maktaba anachaguliwa wakati wa kuiunda. Folda yenye kufuli ya namba ya siri pia ipo, na picha zilizomo hazionekani kwenye mstari wala kwenye utafutaji, lakini inafaa kwa picha chache. Yote haya yanazuia kwenye kiolesura tu: mwenye ufunguo wa mashine anaziona faili kwenye diski. Hivyo folda hizo ziwekwe kwenye diski iliyosimbwa, au mashine ikae kwenye chumba kinachofungwa.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za kibayometriki kuwa data nyeti. Kama mkataba wako na mteja hautaji utambuzi wa nyuso, uongeze kifungu, au uuzime kwenye mipangilio ya Machine Learning. Unazimika kwa mfumo mzima, si kwa akaunti moja.

Mahali isipofaa

Kuchambua kunadai mambo matatu: kuruka picha hadi picha bila kusubiri, kuona mbili ubavu kwa ubavu kwa ukubwa kamili, na kuweka alama kwa kidole kimoja. Immich inasogea kwa mishale, F inaweka moyo, na alama ya kuuliza inafungua orodha ya njia za mkato. Lakini picha ya kati ya 1440 haionyeshi kama kope zimekaa kwenye fokasi, na ukikuza inabidi ilete picha kamili kutoka kwenye seva. Meza ya kulinganisha picha mbili haipo. digiKam inayo, inaitwa Light Table, na ukikuza upande mmoja wa pili unafuata. Photo Mechanic ya kulipia ni ya haraka zaidi kwa faili ghafi, kwa kuwa inasoma JPEG ambayo kamera imeiweka ndani ya faili badala ya kulichakata upya. Chambua huko, kisha folda ya zilizobaki ndiyo iingie Immich.

Wengine hujaribu kutumia kitafuta nakala cha Immich kupunguza picha za mfululizo. Umbali wake wa kawaida, yaani tofauti inayoruhusiwa kati ya picha mbili, ni 0.01, ambao unakamata nakala halisi. Ukiupandisha ili ukamate mfululizo, unakutana na jukwaa la harusi: kochi lilelile, maua yaleyale, taa zilezile, wageni tofauti. Kwa modeli hizo picha zinakaribiana sana, na utaufuta ukoo mzima wa shangazi ukidhani ni marudio. Pipa linazihifadhi siku 30, mteja analalamika siku ya 40.

Kumpa mteja

Kiungo cha kushiriki kinawekewa nenosiri, tarehe ya kuisha, na ruhusa ya kupakua au kutopakua. Mteja anafungua kwenye simu kutoka WhatsApp bila kusakinisha chochote, na anaona safu zilezile laini. Asichoweza ni kuchagua: kwenye kiungo cha wazi hakuna moyo wa mgeni. Acha taarifa za picha zionekane ili akutumie namba za faili, au mfungulie akaunti.

Usifungue mlango 2283 moja kwa moja kwenye ruta. Tumia Tailscale au WireGuard (njia za VPN) kwa wafanyakazi, na kwa wateja weka proksi, yaani seva ya kati, yenye HTTPS. Cloudflare Tunnel ya bure, inayopitisha kiungo chako kwenye seva za Cloudflare, inafaa kwa kutazama, ila inakataa kupakia faili inayozidi MB 100, kwa hiyo video za simu zitakwama njiani. Kumbuka pia mteja anakula kasi yako ya kupandisha, si ya kushusha. Kwa 10 Mbps za kupandisha, harusi ya GB 40 inachukua karibu saa 9 kwenda wingu lolote. Vijipicha vya kiungo vinapita bila shida, upakuaji wa albamu nzima hapana. Kwa hao, flashi bado ina kazi.

Bei na nakala za akiba

Immich ni bure. Leseni ya hiari ni dola 99.99 kwa seva au 24.99 kwa mtu mmoja, na haifungui kipengele chochote kipya. Ni ya kuwaunga mkono waundaji. Gharama halisi ni mashine, diski mbili na UPS. UPS (betri ya akiba ya umeme) si anasa: stima ikikatika katikati ya uandishi, hifadhidata ndiyo inayoumia.

Immich inatoa nakala ya hifadhidata yenyewe kila siku saa nane usiku na kubakisha 14 za mwisho, lakini inaziweka ndani ya UPLOAD_LOCATION, na picha zenyewe hainakili kabisa. Folda hiyo pamoja na folda za maktaba ya nje zinakiliwe kwenye diski ya pili kila usiku, tuseme saa tisa, baada ya ile ya hifadhidata kumaliza. Diski ya tatu ikae nyumbani, mbali na studio, ndani ya boksi lenye silika jeli, maana unyevu na chumvi ya hapa hula viunganishi vya USB kabla diski yenyewe haijachoka.